Wekundu Uwe kwenye Kofia

Leo nina swali la kujibu. Limetoka kwa mwalimu mmoja wa sekondari anayewaandaa wanafunzi wake kuigiza Mabepari wa Venisi, ile tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili akiwa Rais, ikatoka mwaka 1969. Anasema sehemu zimeshagawanywa, maleba yako kwa fundi, na sasa wamekwama kwenye kichwa cha Shylock, yule Myahudi mkopesha fedha. Wanafunzi wamesikia kwamba zamani huko Uingereza mwigizaji wa Shylock alivaa wigi jekundu, na wazo hilo limewakolea, maana mawigi mekundu yamejaa madukani. Mwalimu anauliza: je, hiyo ndiyo rangi inayokubaliana na historia?

Hapana, mwalimu wangu. Nalisema mapema ili wigi hilo lisije likanunuliwa kabla sijamaliza. Lakini neno hapana peke yake halimsaidii mtu anayeandaa mchezo. Wanafunzi watataka kujua kwa nini, na wana haki, kwa sababu rangi ya nywele za Shylock imewahi kutumika kwa ubaya mkubwa.

Tuanze na kitabu chenyewe. Ipekue tamthilia nzima, tendo kwa tendo, onyesho kwa onyesho: hutakuta mahali Shakespeare alipoitaja rangi ya nywele za Shylock. Tunajua ni mtu mzima, kwa sababu mtawala wa Venice anamwita mzee pale mahakamani. Tunajua ana binti, Jessica, aliyefikia umri wa kuolewa. Na tunajua ana ndevu. Hili la ndevu tunalisikia kinywani mwake, katika tendo la kwanza, Antonio anapokuja kumkopa dukati 3,000. Shylock anamkumbusha mfanyabiashara huyo kwamba alimtemea mate ndevuni na kumpiga teke kama afukuzaye mbwa wa watu mlangoni.

Ndevu zilizotemewa mate. Hilo ndilo tulilopewa na mwandishi, na mimi naliona ni kubwa kuliko rangi yoyote. Katika jamii nyingi, ya kwetu ikiwemo, ndevu za mzee ni heshima yake. Kumtemea mtu mate hapo ni kumvunjia utu wake mbele ya watu. Sasa fikiria mwigizaji ameingia jukwaani na ndevu ambazo watazamaji walizicheka tangu alipotokeza mguu. Akifika kwenye maneno hayo, nani ataumia naye? Zilikuwa kichekesho kabla hazijatemewa. Kwa hiyo, rangi yoyote utakayochagua, mwalimu, ipitishe kwanza kwenye kipimo hicho: je, hizi ni ndevu ambazo mate ya Antonio yatazidhalilisha?

Haya, huo wekundu ulitoka wapi? Ulitoka kwa Yuda Iskariote. Injili hazisemi lolote kuhusu nywele za Yuda, lakini wachoraji wa Ulaya katika zama za kati walizoea kumchora kwenye karamu ya mwisho akiwa na nywele na ndevu nyekundu, na michezo ya dini ikafuata mkondo huo huo. Shakespeare mwenyewe aliijua desturi hiyo. Katika tamthilia yake iitwayo As You Like It, Rosalind na Celia wanabishana juu ya rangi ya nywele za kijana anayependwa, na jina la Yuda linaingizwa humo bila maelezo, maana kila mtu ukumbini alielewa. Mtazamaji wa London akiona ndevu nyekundu jukwaani, msaliti alimjia akilini kabla mwigizaji hajafungua kinywa.

Lakini ngoja kidogo. London hiyo hiyo ilitawaliwa tangu 1558 hadi 1603 na Malkia Elizabeth wa Kwanza, ambaye nywele zake zilikuwa nyekundu zenye kung'aa kwa dhahabu, na uzeeni akavaa mawigi ya rangi hiyo ili aendelee kuonekana yule yule. Mabepari wa Venisi iliandikwa kiasi cha mwaka 1596 au 1597, Malkia akiwa hai, akiwa kizee mwenye wigi jekundu. Rangi moja ilikaa juu ya kichwa cha msaliti na juu ya kichwa cha mtawala. Yeyote anayekuambia kwamba watu wa zama zile waliona wekundu na kufikiri jambo moja tu amewafanya kuwa wepesi kuliko walivyokuwa.

Na je, Shylock wa kwanza kabisa, yule wa zama za Shakespeare, alivaa nyekundu? Hapa panahitaji uangalifu. Kuna utenzi wa Thomas Jordan uliochapishwa mwaka 1664, unaosimulia kisa kinachofanana na cha tamthilia yetu na kumpa Myahudi ndevu nyekundu. Lakini hapo Shakespeare alikuwa amekufa miaka 48 nyuma, na utenzi si taarifa ya mtu aliyekaa ukumbini. Ushahidi mwingine uliotajwa kwa muda mrefu ni mistari ya maombolezo ya Richard Burbage, mwigizaji mkuu wa kundi la Shakespeare, inayomsifu kwa kumcheza Myahudi mwenye nywele nyekundu. Mistari hiyo ilighushiwa. Aliyeghushi ni John Payne Collier, msomi wa karne ya 19 aliyeyajua maandishi ya kale kuliko wengi wa wakati wake na akautumia ujuzi huo kupachika maneno yake mwenyewe. Kwa hiyo mwanafunzi anayesema "ndivyo Burbage alivyovaa" anamnukuu Collier bila kujua. Desturi ya wigi jekundu ilikuwepo katika jukwaa la Uingereza, hilo silikatai, na karne ya 18 ilipokwisha ilikuwa imeota mizizi. Ninachokataa ni kuifanya amri ya mwandishi.

Kumbuka pia ni watu gani walioitengeneza picha hiyo. Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290, na hawakuruhusiwa kuishi huko waziwazi tena hadi 1656. Shakespeare aliandikia umma ambao kwa zaidi ya miaka 300 ulikuwa ukiwajua Wayahudi kwa masimulizi, mahubiri na michoro. Wigi jekundu ni rangi ya watu waliochora jirani wasiyemwona.

Sasa twende Venice, ambako tamthilia yenyewe imewekwa. Huko Wayahudi walionekana kila siku sokoni. Mwaka 1516 serikali ya Venice iliamuru wote wakae katika eneo moja la mji, lililozungukwa na mifereji, malango yake yakifungwa usiku na walinzi wakilipwa kwa fedha za Wayahudi wenyewe. Hilo ndilo geto la kwanza kuitwa kwa jina hilo. Mchana walitoka kwenda kwenye shughuli zao, lakini walitakiwa watambulike. Kwanza waliamriwa kushona alama ya duara ya manjano kwenye nguo, baadaye kofia ya manjano, na kufikia zama za Shakespeare kofia nyekundu.

Tunaye shahidi aliyeona kwa macho. Thomas Coryat, Mwingereza aliyezunguka sehemu kubwa ya Ulaya akitembea kwa miguu, alifika Venice mwaka 1608 na kitabu chake kikatoka 1611. Alikwenda getoni. Anaeleza kwamba Wayahudi waliozaliwa nchi za magharibi, kama Italia, walivaa kofia nyekundu, na wale waliotoka mashariki, Yerusalemu, Alexandria na Constantinople, walivaa vilemba vya manjano, wakati Waturuki walivaa vyeupe. Kisha anaongeza jambo ambalo ningependa kila mwongozaji wa tamthilia hii alijue. Kwao Uingereza watu walikuwa na msemo wa kumlinganisha na Myahudi mtu mwenye sura iliyochakaa na kupinda. Coryat aliwatazama wanaume wa getoni, akaona miongoni mwao watu warembo na wenye haiba, akaandika kwamba msemo ule si kweli. Wekundu aliouona haukuwa wa nywele. Ulikuwa kwenye kofia.

Hapo ndipo penye neno langu lote la leo, msikilizaji. Nyekundu ya kofia ilitoka ofisini. Kuna watu walikaa, wakajadili, wakaandika amri, wakaweka adhabu kwa asiyeivaa. Nyekundu ya nywele inasema mtu huyu alizaliwa hivi, ubaya wake umeota naye kichwani. Ukimvika Shylock wigi jekundu, umeichukua dhuluma ya serikali na kuigeuza kuwa maumbile ya aliyedhulumiwa. Ukimvika kofia nyekundu juu ya nywele za kawaida za mtu wa pande za Mediterania, nyeusi zilizoanza mvi, mtazamaji anaona mara moja kwamba rangi ile imewekwa na mikono ya watu wengine. Na kihistoria umesema kweli.

Waigizaji wenyewe walikuwa wameanza kulielewa jambo hili zamani. Tarehe 14 Februari 1741, katika jumba la Drury Lane mjini London, Charles Macklin alimtoa Shylock katika ucheshi aliokuwa ametumbukizwa tangu mwanzo wa karne hiyo. Alivaa joho jeusi na kofia nyekundu, na mshairi Alexander Pope alipomuuliza kuhusu kofia hiyo, alijibu kwamba alikuwa amesoma kuwa Wayahudi wa Italia, hasa wa Venice, walivaa kofia za rangi hiyo. Mwigizaji amekwenda kusoma kabla ya kuvaa! Macklin aliicheza sehemu hiyo kwa karibu miaka 50.

Kisha akaja Edmund Kean, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu usiku wake wa kwanza Drury Lane unastahili kusimuliwa. Ni tarehe 26 Januari 1814. Theluji inayeyuka, mitaa ya London imejaa matope baridi, ukumbi haukujaa hata nusu. Kean ni mfupi wa umbo, hana jina mjini, ametoka kuhangaika miaka mingi kwenye majukwaa ya mikoani; miezi michache tu nyuma amemzika mwanawe. Ametembea kwa miguu hadi jumba la tamthilia akiwa amebeba furushi la vitu vyake. Anapolifungua kwenye chumba cha kuvalia, wenzake wanaona wigi jeusi na ndevu nyeusi. Wanashangaa. Shylock mweusi nywele? Haikuwa desturi. Kean hakubishana nao. Alivaa, akaingia jukwaani, akaegemea fimbo yake, na mchezo ulipofika pale Shylock anapopata habari kwamba binti yake amekimbia na mali yake, ukumbi ule mchache watu ulikuwa ukipiga kelele za kumshangilia. Mhakiki William Hazlitt alikuwepo, akamsifu katika gazeti la Morning Chronicle. Tangu hapo jina la Kean lilijulikana nchi nzima.

Kwa nini wigi jeusi lilitosha kubadilisha mambo? Wigi jekundu lilikuwa linamwambia mtazamaji la kufikiri kabla ya neno la kwanza. Kean aliliondoa, na watu wakalazimika kumsikiliza mtu. Sisemi nyeusi ina uchawi. Nasema ilikuwa rangi ya kawaida kwa mtu wa kule, na ukawaida huo ulimpa Shylock nafasi ya kujieleza mwenyewe. Mwaka 1879 Henry Irving, katika jumba la Lyceum, alikwenda mbele zaidi, akamcheza kama mzee wa heshima mwenye mvi, na mchezo ukaendelea kwa maonyesho 250.

Ningefurahi kama hadithi ingeishia hapo. Haikuishia. Mei 1943, katika jumba la Burgtheater mjini Vienna, chini ya utawala wa Wanazi, Werner Krauss alimcheza Shylock. Huyu Krauss alikuwa ameshacheza Wayahudi kadhaa katika filamu ya chuki ya mwaka 1940, Jud Süß. Maelezo ya magazeti ya wakati huo yanamwonyesha akitambaa jukwaani na uso wa waridi uliozungukwa na nywele na ndevu nyekundu sana. Wigi la Yuda lilikuwa limerudishwa kutoka stoo, na aliyelirudisha alijua kazi anayotaka lifanye. Wakati watu wa Vienna wakilicheka wigi lile, Wayahudi wengi wa mji huo walikuwa wameshapakiwa kwenye treni na kupelekwa kuuawa. Mwanafunzi akiniambia wigi jekundu ni mapambo tu, nitamwomba akumbuke ukumbi huo. Rangi hii ilishawahi kufanya kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kuwazoesha watu kumwona jirani kama kiumbe kingine.

Kuna sababu nyingine ya kuliacha wigi hilo, na hii ni ya kwetu hapa. Ukimtoa mzee mwenye ndevu nyekundu mbele ya watazamaji wa Mombasa, Lamu, Unguja au Eastleigh, watamwona nani? Hawatamwona Yuda. Wako wazee wetu wa pwani, na wazee wa Kisomali, ambao mvi zikishaingia ndevuni huzipaka hina, na wekundu huo kwa macho yetu ni utu uzima, ni mtu wa msikitini, ni mtu wa kupishwa njia. Kwa hiyo wigi lako litasema kinyume cha ulichokusudia, au litafanya jambo baya zaidi: watazamaji watadhani mkopesha fedha katili uliyemleta jukwaani ni mzee wa kabila au dini fulani wanayeishi naye mtaa mmoja. Umeleta chuki mpya wakati hata ile ya kale hukuwa na haja nayo. Naomba pia, mwalimu, usije ukashawishika kumvika Shylock kama mwenye duka wa mtaani kwenu ili watu wamtambue haraka. Watamtambua, na hapo ndipo utakapojuta.

Basi tumvalishe vipi? Hebu tushuke kwenye kazi yenyewe ya mikono.

Nywele ziwe nyeusi zilizochanganyika na mvi. Kama mwanafunzi wako ana nywele zake, mwachie hizo. Hahitaji wigi la mtu wa Ulaya. Ira Aldridge, Mmarekani mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1807 na kuwa mmoja wa waigizaji wakubwa wa Ulaya, alimcheza Shylock huko Urusi akijipaka rangi nyeupe usoni na kuvaa wigi, kwa sababu watazamaji wa zama hizo hawakumkubalia vinginevyo. Wanafunzi wako hawana mzigo huo. Wakisema maneno ya Shylock kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, kichwa chenye nywele za kipilipili kinatosha kabisa kubeba mvi za mzee wa Venice.

Mvi ndizo zinazowashinda wengi. Michezo mingi ya shule humtoa mzee akiwa amemwagiwa poda au unga kichwa kizima, akaonekana kama mtu aliyetoka kwenye mashine ya kusaga. Isitoshe, akitikisa kichwa, vumbi linaangukia mabegani, na kwa Shylock mwenye joho jeusi litaonekana hadi nyuma. Tumia rangi nyeupe ya usoni, ile ya kunawika kwa maji. Chovya mswaki wa zamani, ukaushe kidogo kwenye kitambaa, kisha upitishe juu juu kwenye ncha za nywele tu, bila kufika kwenye ngozi. Anza kwenye panja, juu ya masikio, halafu kidevuni. Acha utosi ukiwa mweusi zaidi. Weusi ulioachwa chini ndio unaozifanya mvi zionekane zimeota. Baadaye mwashe taa zile zile za usiku wa mchezo, na wewe ukakae kiti cha mwisho kabisa utazame. Taa zenye umanjano huzidisha joto la rangi, na mvi ulizoziona nzuri darasani zinaweza kupotea ukumbini.

Ndevu za kijana wa sekondari lazima ziwe za bandia. Chukua nywele nyeusi za kusukia, uzikate fupi, uzichambue mpaka zipoteze ule mng'ao wa plastiki, na uzibandike kwa gundi iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi. Gundi ya karatasi itamchubua mtoto wa watu. Ziwe fupi kiasi kwamba midomo inaonekana, kwa kuwa hotuba ya Shylock ya kuuliza kama Myahudi hana macho wala mikono haiwezi kusemwa kutoka nyuma ya kichaka. Na pale anapotaja mate ya Antonio, mwache aziguse. Taratibu, kwa vidole viwili vitatu. Hata mtazamaji asiyesikia kila neno ataelewa.

Kisha kofia. Nyekundu, ya kitambaa kizito, isiyo na urembo. Shona mbili, kwa sababu Tubal naye ni Myahudi wa Venice, na yeye pia yuko chini ya amri. Watu wengi humsahau Tubal. Akiingia akiwa na kofia ile ile, watazamaji wanang'amua papo hapo kwamba hili si vazi la mtu mmoja.

Na Jessica? Hapa nina neno zito kidogo. Waongozaji wengi humpa Jessica nywele za rangi nyepesi, ili awe mrembo na aonekane ana haki ya kumkimbia baba. Soma tena tendo la tatu. Ni Salarino, mmoja wa marafiki wa Antonio, anayemwambia Shylock usoni kwamba mwili wake na wa binti yake imetofautiana kuliko kitu cheusi tii na pembe ya ndovu. Ni tusi, na anayelitoa ni mtu anayemdhihaki baba aliyekimbiwa na binti yake. Ukiwapa baba na binti nywele za rangi tofauti, jukwaa lako limemwunga mkono Salarino. Wape rangi moja. Watazamaji waone damu ni ile ile, na kuondoka kwa Jessica kutauma inavyopaswa.

Katika tendo la nne kuna uamuzi mwingine wa kufanywa. Shylock anashindwa kesi yake dhidi ya Antonio, na mahakama inamwamuru abatizwe. Kwa sheria ya Venice, Mkristo hakulazimishwa kuvaa kofia nyekundu. Basi hukumu ile inagusa kichwa chake moja kwa moja, na mwongozaji hana budi kuamua: anaivua mwenyewe, au mtu anamvua? Ushauri wangu ni kwamba avuliwe na mtu asiye na jina, karani wa mahakama, bila ukatili wowote, kama mtu anayetimiza kazi yake ya kila siku. Hapo ndipo zile mvi ulizohangaika nazo zitaonekana zote kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo usizionyeshe mapema. Katika maonyesho yote ya nyuma Shylock asivue kofia hata mara moja, hata nyumbani kwake.

Imebaki Portia, na sitaki kumwacha, kwa sababu kwake Shakespeare hakunyamaza. Bassanio, rafiki wa Antonio anayemposa Portia, anazitaja nywele zake tangu tendo la kwanza: ni za dhahabu, kama ile ngozi ya kondoo ya dhahabu iliyotafutwa na mashujaa wa Kiyunani. Wanafunzi wanaweza kudhani dhahabu hiyo ni ya kuzaliwa. Inawezekana, lakini wanawake wa Venice wa zama hizo walisifika kwa kuitengeneza. Mwaka 1590 Cesare Vecellio, wa ukoo wa yule mchoraji mkuu Titian, alichapisha kitabu cha mavazi ya dunia, na ndani yake kuna picha ya mwanamke aliyekaa juu ya paa la nyumba yake, kwenye baraza la mbao, katika jua kali la mchana. Amevaa kofia pana ya majani isiyo na utosi. Nywele zimepitishwa kwenye tundu la juu na kutandazwa ukingoni, huku uso ukibaki kivulini. Mkononi ana sponji iliyofungwa kwenye kijiti, anachovya dawa na kupaka nywele, zikauke, apake tena. Saa nyingi zilipita juani kwa ajili ya rangi ile.

Na tamthilia yenyewe ina shaka na dhahabu. Katika onyesho la makasha matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi, ambapo mposaji wa Portia hana budi kuchagua moja, Bassanio anaikataa dhahabu akikumbusha kwamba vishungi vingi vya dhahabu vinavyochezeshwa na upepo vilikatwa kwenye kichwa cha maiti. Dakika chache baadaye anafungua kasha la risasi, anakuta picha ya Portia, na anazisifu nywele zake kuwa ni wavu wa dhahabu wa kunasia mioyo ya wanaume. Maneno yote mawili yametoka kinywani mwake, na mwigizaji asijaribu kuyapatanisha.

Kwa Portia wako, mwalimu, usinunue wigi la manjano. Nywele zake mwenyewe zisukwe vizuri, na uzi wa rangi ya dhahabu upitishwe ndani ya misuko, uonekane wazi kwamba ni uzi na kwamba ameutaka. Yeye amejichagulia rangi yake, Shylock amechaguliwa ya kwake, na wote wawili wanasimama mbele ya mtawala mmoja. Akija mahakamani amejigeuza wakili kijana, misuko yote iingie ndani ya kofia ya kiwakili, uzi usichungulie hata kidogo, la sivyo Bassanio anayeshindwa kumtambua mkewe ataonekana mjinga. Muda wa kubadilisha ni mfupi, kwa kuwa Portia anatoka karibu na mwisho wa tendo la tatu na kurudi katika onyesho la kwanza la tendo la nne, na katikati kuna onyesho moja dogo la mtumishi Lancelot, Jessica na mumewe Lorenzo bustanini. Mtafute msichana mmoja mwenye mikono myepesi akae nyuma ya pazia na pini tayari, na wafanye mazoezi ya kubana misuko hiyo tangu wiki hii.